Kumeza Dawa Mbele ya Mkwe

Kaka yangu alipoanza kukonda, watu wa kwetu huko milima ya Ileje walisema ni uzee. Mimi nikasema uzee haukohoi namna hiyo. Mwanawe, anayeishi Tunduma na kazi yake ni kusafiri na malori kuingia Zambia, akapanda kumfuata, akamshusha mjini, na vipimo vya makohozi vikasema ni kifua kikuu. Majina ya wote waliokuwamo katika habari hii ninayo, hata la mama aliyekuwa anafagia hospitali na la mtoto wake wa mwisho, lakini kaka amesema niandike nipendavyo ila nisimtaje mtu. Basi simtaji.

Pale hospitali tulikuta watu wa utafiti. Walikuwa wanajaribu dawa ya kifua kikuu ya miezi michache kuliko ile ya siku zote. Nesi wao akatukalisha, akaeleza taratibu kama mtu anayemenya yai. Wagonjwa wanagawanywa kwa bahati, mfano wa kura: wengine dawa ya zamani, wengine hiyo fupi, na wote wanaangaliwa kwa karibu. Asiyetaka anatibiwa kama kawaida, na aliyekubali anaweza kutoka siku yoyote. Kaka aliuliza swali moja tu, kama hiyo fupi itamrudisha milimani kwake kabla ya mvua. Nesi akasema hajui, ndiyo maana wanatafiti. Kaka akampenda papo hapo. Alisema tangu azaliwe hajapata kumsikia mtu wa dawa akikiri kwamba hajui. Akaweka dole gumba, na kura ikamwangukia ile fupi.

Hofu yake kubwa ilikuwa kufia Tunduma. Mji ule, alisema, malori yanapiga honi hata msibani. Alitaka kilima chake, migomba yake, na jembe mkononi udongo ukiwa umelowa.

Sharti la utafiti lilikuwa hili: kila asubuhi kabla ya uji, mtu wa nyumbani amwone akimeza vidonge. Siyo aambiwe. Amwone. Mwanawe wiki nzima yuko ng'ambo na malori. Majirani, kaka hakutaka wajue. Basi nikatoka kwangu Ruanda, huku Mbozi nilikoolewa, na kapu langu la maharage, nikahamia kwenye nyumba yao ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba katikati. Asubuhi ya kwanza kaka akanitazama na vidonge kiganjani.

"Mdogo wangu, tangu lini wewe unanilinda mimi?"

"Tangu mama aliponituma nikuangalie usiteme dawa ya minyoo nyuma ya ghala," nikamwambia.

Akameza.

Siku chache baadaye aliniita chooni kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, kwa sababu mkojo wake umekuwa rangi ya soda ya chungwa. Nesi alishatuambia dawa inafanya hivyo. Kaka alikuwa amesahau, nami sikuharakisha kumkumbusha.

Kisha kahawa yangu shambani Ruanda ikaiva. Kahawa ikishaiva haimsikilizi mtu. Ilibidi nirudi, na aliyebaki nyumbani wa kumwona kaka akimeza alikuwa mke wa mwanawe. Mkwe wake.

Hapo ndipo penye shughuli. Sisi watu wa Ileje mkwe hamtazami baba wa mumewe. Hawakutani njiani, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Mzee akikaribia nyumba anakohoa, mkwe anajua, anapisha. Milimani hilo ni jambo jepesi, unajipenyeza tu kwenye migomba. Lakini katika ukumbi wa Tunduma, unapita wapi? Na sasa fikiria kaka na kifua kile. Kila akikohoa, binti wa watu anakimbia. Anakimbia na mwiko, anakimbia na mtoto mgongoni. Siku moja alikimbia na sufuria nzima ya maharage hadi kwa mpangaji wa nyumba ya pili, wakamwuliza kama anahama.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka niliwapangia utaratibu, na nilijiona nina akili. Mkwe anaweka vidonge na maji juu ya kigoda, anarudi nyuma ya pazia. Kaka anameza, anasema tayari. Mkwe anajibu kwa kugonga mfuniko wa sufuria. Nikaenda kwenye kahawa yangu moyo mweupe.

Siku ya kliniki nilirudi kuwasindikiza. Nesi akamwuliza mkwe kama kila siku anamwona mzee akimeza.

"Namsikia," mkwe akasema.

"Unamsikia?"

"Nasikia maji yakishuka kooni. Anasema tayari, nami nagonga mfuniko."

Nesi hakucheka. Akatueleza kwa upole kwamba mzee akipona, au asipopona, lazima ijulikane kama ni kazi ya ile dawa au vidonge viliishia dirishani. Asiyeonwa akimeza hawawezi kuendelea naye. Wangelazimika kumtoa kwenye utafiti na kumrudisha kwenye dawa ya siku zote, ile ya miezi mirefu. Kaka, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje na mgongo wake kwetu, akasema polepole kwamba basi mvua itamkuta hukuhuku.

Nesi akamgeukia mkwe, akamwomba amtazame tu, ni kitambo kidogo cha asubuhi.

"Dada, wewe humjui mama yangu," mkwe akamjibu. "Akisikia nimemkodolea macho baba, atapanda gari leo hii kuja kunichukua."

Mimi nilisema nitaacha kahawa ikauke mitini. Kaka akasema kwa sauti huko nje kwamba hataki kupona kwa njaa yangu. Tukarudi nyumbani.

Jioni mkwe alinijia jikoni. Akaanza kwa kuniomba nisimcheke. Mkononi alikuwa na kioo cha mumewe cha kunyolea ndevu.

Asubuhi tukajaribu. Kaka kwenye kigoda mwisho wa ukumbi. Mkwe mlangoni mwa jikoni, amempa mgongo, amekiinua kioo juu ya bega. Kati yao hapakuwa na hatua nyingi, lakini maneno yalipita kwangu, ndiyo desturi.

"Mwulize," kaka akaniambia, "huyo aliye ndani ya kioo ni nani kama siyo mimi?"

"Shangazi, mwambie baba hicho ni kivuli tu."

"Mwambie kivuli hakimezi vidonge."

"Mwambie ameze, kisha afungue mdomo niuone ulimi."

Kaka akameza. Halafu, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu wa kuhesabu kwa mikono miwili, akautoa ulimi wote kukielekea kisogo cha mkwe wake. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye sakafu. Mkwe alikuwa anatikisika mabega, kioo kinacheza, akadai mzee aurudie ulimi kwa sababu hakuuona vizuri. Kaka akasema sasa hiyo ni dharau, lakini akaurudia.

Nesi alikuja kuona mwenyewe. Alisimama ukumbini, akatazama kioo, akatazama mgongo, akaenda kuwauliza wakubwa wake. Jibu lilikuwa kwamba macho ni macho, hata yakipitia kwenye kioo. Kaka akabaki katika utafiti. Mimi nikarudi Ruanda kuchuma.

Nilikuwa shambani simu ilipolia. Mkwe alikuwa anahema. Akasema wamegongana na baba. Yeye anatoka na beseni la maji machafu, mzee anaingia, na maji yote yamemwishia mzee. Yeye akajifunika khanga usoni, mzee akageukia ukuta, wakasimama hivyo kama vibao vya barabarani, hakuna wa kuwaamua. Nikamwuliza kwani mzee hakukohoa. Akasema hakukohoa.

"Shangazi," akasema, "baba hakohoi tena."

Kabla ya maabara yoyote, yeye ndiye aliyejua wa kwanza.

Sasa kaka ikabidi ajifunze kukohoa kwa makusudi ili mkwe apishe. Alikifanyia kikohozi hicho mazoezi, kikawa kikubwa, cha kutoka tumboni. Na siku ya vipimo vya mwisho ndicho kilichotuponza. Tumeingia kwa nesi mimi na mkwe, kaka yuko nje, akataka kuingia, akakohoa mlangoni kwa adabu zake zote. Nesi uso ukamshuka. Akamwita daktari. Kaka akapimwa kifua, akatakiwa kutoa makohozi mapya, na kila tulipojaribu kueleza tulionekana tunaficha ugonjwa.

"Hicho si cha ugonjwa," mkwe akawaambia, macho sakafuni. "Ni cha heshima."

Daktari akasema maabara ndiyo itakayosema. Tukasubiri siku za majibu. Kaka hakutania. Aliniuliza kama kweli mtu anaweza kukohoa kwa uongo hadi kikohozi kikawa cha kweli. Juu ya milima ya Ileje mawingu yalishaanza kukaa.

Majibu yakatoka. Makohozi safi, picha ya kifua safi. Nesi alitushika mikono wote, akasema kwamba kwa kaka dawa imefanya kazi. Kama inafanya kazi kwa watu wengi bado wanahesabu, na kaka atahitajika kurudi kuangaliwa mara kwa mara. Kaka akasema atarudi, maana anataka kujua na hao wengine wameponaje.

Alipanda gari la Ileje asubuhi iliyofuata. Mkwe alimfungia ndizi na kuku wa kuchoma, akaviweka chini kando ya mlango wa gari, akarudi nyuma, akageuka. Kaka akaokota kifurushi. Alisimama muda mrefu hadi kondakta akampigia bodi la gari.

"Mwambie mkwe wangu," akaniambia, na sauti yake haikuwa na utani, "nikianza kupanda, mstari wa kwanza ni wake."

Nikamgeukia mkwe nifikishe, lakini alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mwambie apande mahindi," akasema. "Maharage nimeyachoka."