Kona ya Nne

Pasi ya mkaa ikipita juu ya kitenge kipya hutoa harufu ya wanga ulioungua kidogo. Harufu hiyo ikinikuta popote hunirudisha Kirumba, kwenye kibaraza chetu, mama yuko kwenye cherehani na upepo wa ziwa unatuletea harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni bila kuombwa.

Mama alishona mablanketi ya vipande vya vitenge. Kuunga vipande hata mlevi anaweza, alikuwa akisema. Fundi utamjua kwenye kona. Utepe wa pindo ukifika kwenye ncha unaulaza, unaukunja mshazari, na ukigeuza upande wa pili unaona mstari umenyooka kutoka ncha kwenda ndani. Wengine walilundika kitambaa pale wakapiga cherehani juu yake, kona ikavimba kama kidole kilichogongwa nyundo.

"Kona haitaki nguvu," aliniambia. "Ibembeleze."

Nilipokuwa darasa la tatu mama alipata ujauzito. Bibi, aliyekuja kutoka Ukerewe kumwangalia, alikataza maandalizi yoyote. "Usikate kanzu mwana hajazaliwa," alisema. Mama alicheka, kisha akashona blanketi dogo la manjano na bluu, kona tatu tu. Ya nne aliibana kwa pini. Kwa hesabu zake, blanketi lenye kona tatu bado si blanketi, kwa hiyo bibi hana kesi. Aliniahidi kwamba mtoto akifika, ya nne nitaifunga mimi. Nilijifunzia kwenye matambara mpaka vidole vikatoboka.

Alirudi kutoka hospitali ameshikwa mkono na bibi, na mama mdogo nyuma yao amebeba beseni la nguo. Nilichungulia ndani ya beseni.

"Mtoto yuko wapi, tumalizie kona?"

Bibi alinivuta jikoni. "Mtoto hakukaa, mjukuu wangu." Nililia sana, na nusu ya kilio kile kilikuwa cha kona yangu.

Mama aliporudi kwenye cherehani aliniita. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Kona utakuwa unakunja wewe."

Nilivimba kichwa! Wateja walipofuata kazi zao niliwaamkia shikamoo, kisha nikaganda pale pale nikingoja wazisifie kona. Jirani yetu Mama Neema alinitania eti mama kaajiri fundi mkuu. Mama alitabasamu, akachukua sindano, akatunga uzi mara moja tu, na giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Sikulitilia maanani. Maisha yake yote alitunga uzi bila miwani, na hakukunja tena kona hata moja.

Masika haya mama amefariki. Chini ya sanduku lake tulilikuta blanketi, pini imeota kutu. Mama mdogo alinipa sindano. "Limalizie, si uliahidiwa wewe?"

Nililaza utepe, nikaukunja mshazari. Nimekunja kona za nusu ya Kirumba, lakini ile moja niliishika mpaka kitambaa kikalowa machozi, nikashindwa. Ndipo nilipojua kuwa macho ya mama hayakuwa na ubaya wowote.

Tulimzika nalo, nimelilaza kifuani pake kona ikiwa wazi. Pini niliitoa, isije ikawachoma yeye na mtoto.