Jina la Kamanda Lililooshwa kwa Ndimu

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la Al Quoz, huku ughaibuni, arbab wetu, tajiri mkusanyaji wa vitu vya kale, alinipa kipande cha risasi, kipana kama kifungo cha koti, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni chubwi ya mshipi wa kuvulia. Alicheka mpaka akakohoa. Baadaye ikawa hanunui kitu kabla sijakishika mimi, mtu wa darasa la tano niliyetoka kubeba magunia ya viungo sokoni Al Ras. Ujuzi huo sikupewa na mtu. Niliutwaa.

Vijana mnaoingia kazi hii, ule ulikuwa muhuri. Maofisa wa jeshi la Rumi ya Mashariki, waliolinda mipaka, walifunga barua kwa uzi, wakaubana uzi ndani ya risasi kwa koleo la chuma lenye maandishi. Upande mmoja Bikira Maria. Wa pili, kwa Kiyunani, Bwana msaidie mtumishi wako fulani, kamanda wa mahali fulani. Barua imeoza, risasi imebaki. Haioshwi! Unatoa udongo kwa kijiti, taa umeilaza pembeni ili herufi zitupe kivuli, na ile ngozi ya kijivu huigusi, maana herufi zimo humo.

Ukaja muhuri wa kamanda wa njia ya milimani, mpakani kabisa. Cheo kilisomeka, jina lilikuwa chini ya ukoko. Madam mmoja, msomi wa Kiyunani, alisema hajapata kuona mwingine wa njia ile. Angekuja Jumamosi kulisoma jina. Nilikwisha kufichua herufi mbili za jina hilo.

Ijumaa nikaenda msikitini. Meneja, Mkenya mwenzangu wa bara, akaona aibu mgeni aonyeshwe kitu cheusi. Akamwagiza mpika chai auoshe kama aoshavyo sinia na madele ya kahawa: ndimu, majivu, kitambaa. Narudi, nakuta unameta.

"Mzee, umeona?" meneja akaniuliza. "Sasa unakaa kitu cha maana!"

"Jina liko wapi?"

"Jina gani tena? Si kazi yako ni kusafisha? Tumekusaidia."

"Hata mwizi ana nafuu! Akiiba, kitu kinabaki kitu!"

"Punguza sauti, bana. Arbab yuko ndani."

Arbab akatoka, akaugeuza muhuri mwangani. "Khalas, basi, cheo kipo. Inshallah tutapata mwingine."

Mwingine!

Nilingoja Jumamosi nimwambie madam kwa mdomo wangu. Alivua miwani, akaniomba zile herufi mbili nilizowahi kuziona. Nikampa. Hazikutosha kitu. Nikavua aproni papo hapo, nikaacha kazi.

Jirani zangu hapa mtaani International City husema nimestaafu mapema, nipumzike, hasira itapoa. Haijapoa, wala siipozi. Mtu alilinda mpaka, akaandika jina lake kwenye risasi ili lisipotee, sisi tukalimwaga kwenye sinki.

Juzi meneja alinipigia simu. "Mzee wangu, mihuri mipya imekuja. Hakuna anayeijua kama wewe."

"Hilo nalijua," nikamjibu. "Uchukue ule uliouosha, unisomee jina. Ukilipata, nipigie."