Kamba Iliyobaki Msumarini

Harufu ya katani ilinikuta mlangoni, kabla sijamsalimu mwenye duka. Siku hizi Busia nzima inafunga mifugo kwa kamba za nailoni, za buluu na za kijani, zisizonuka chochote, kwa hiyo sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeingia na mwanangu kutafuta kamba ya mbuzi. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa, nikakumbuka asubuhi tuliyokwenda kununua punda.

Nyumbani kwetu, upande wa Busitema, maji yalikuwa mbali na punda ndiye aliyeyaleta. Baba alikuwa na dume jeusi, kali, alilolichagua kwa sababu ya nguvu na kujisifu nalo kijiji kizima. Alikuwa na mazoea ya kujizungushia kamba ya dume hilo kifundoni mwa mkono. Siku moja kwenye barabara kuu trela lilipiga honi, dume likatimka, na Baba akaburutwa nalo. Tulimzika. Naeleza kwa ufupi kwa sababu ndivyo nilivyoyapokea, kama habari za nyumba ya jirani. Watu walilia, mimi nikaosha vikombe vya chai. Shangazi zangu walinong'ona kwamba nina moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Sikuwa nahisi kitu, basi, hata njaa.

Dume likauzwa. Lakini maji hayakungoja msiba uishe, na kwetu anayekwenda kisimani ni mtoto: unapanda punda pamoja na mitungi mitupu, unarudi kwa miguu ukimswaga. Mtoto huyo sasa alikuwa mimi, na sikuwa nimewahi kupanda. Baba alikuwa akienda mwenyewe, na hakuniruhusu hata kulikaribia dume lake.

Siku ya soko Mama aliitoa kamba ya katani ya Baba kwenye msumari nyuma ya mlango, akainusa, akairudisha. Tukaondoka na Baba Mdogo Owor, mdogo wake Baba, aliyejitolea kutuchagulia.

Sasa, kwetu anayeuza mnyama hauzi kamba. Anaivua na kurudi nayo nyumbani, kwa sababu wanasema ndiyo inayoita wanyama wengine zizini. Mnunuzi huja na yake. Hata mtoto anajua hilo. Tulipofika sokoni Baba Mdogo aliitazama mikono ya Mama, akaona aibu kwa niaba yetu sote.

"Shemeji, mtu nakuja soko ya punda bila kamba?"

"Nimekuja hivyo hivyo," Mama akasema.

Baba Mdogo alidhani msiba umemchanganya akili. Mimi pia nilidhani hivyo.

Akaenda moja kwa moja kwa dume changa lenye kifua kipana. "Hii iko na nguvu. Hii nabeba maji ya boma yote."

Muuzaji, mzee mwembamba aliyevaa viatu vya gambuti, akauliza ni nani atakayempanda. Mama akanisukuma mbele kwa kiganja. "Ni huyu. Hajawahi kupanda punda." Kisha akamwomba mzee avue kamba.

"Mimi natoa kamba na wewe hujanunua?"

"Toa tuone."

Mzee akaivua. Dume likasimama kidogo likiwaza, kisha likakata katikati ya wauza vitunguu, Baba Mdogo nyuma yake na koti mkononi. Soko zima lilicheka. Ningecheka na mimi kama ningeweza.

Mama alikuwa ameshaligeukia jike la kijivu la mzee yuleyule, sikio moja limechanika, lililokuwa likitafuna maganda ya mahindi pembeni. Mzee akavua kamba. Jike likaendelea kutafuna. Mama akapiga makofi karibu na kichwa chake, akagonga debe, akamwomba mtu wa bodaboda apige honi. Jike likainua kichwa, likamtazama yule wa bodaboda, likarudi kwenye maganda yake.

"Hii imezeeka, shemeji," Baba Mdogo alisema akihema. "Watu nacheka sisi."

"Wacheke."

Mama akamlipa mzee, akaniinua, akaniketisha mgongoni. Kisha akatangulia njiani, bila kamba wala fimbo, na jike likamfuata. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilidhani amenisahau, kama alivyoisahau kamba. Mgongo ule ulikuwa wa moto na ulinuka vumbi, na joto lake ndilo kitu cha kwanza nilichohisi tangu mazishi. Sikulia. Niliweka viganja vyangu shingoni mwake, nikaviacha hapo mpaka nyumbani.

Jike lile lilinipeleka kisimani miaka mingi bila kufungwa, na kamba ya Baba ikabaki msumarini. Nilikuwa mzazi tayari nilipoelewa kwamba Mama hakusahau kitu asubuhi ile. Hakutaka mtu wake mwingine afungwe kwa mnyama. Alitafuta yule ambaye ukimwachia, hakimbii. Na kule kutogeuka nako nimekuelewa: angegeuka, angenishusha.

Mwenye duka alinikatia kamba ya mbuzi, nikalipa, nikampa mwanangu abebe. Hatukufika mbali. Alikuwa anaizungusha kifundoni mwa mkono, huku akipiga mluzi. Nilipiga magoti palepale kando ya barabara ya Malaba, trela zikipita, nikaifungua taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine.

"Mama, kwani nini?" akauliza, kwa sababu nilikuwa nalia, na sikuweza kunyamaza.