Akiki za Dada Furaha

Jirani yangu anajenga. Tangu juzi mafundi wake wamewasha mashini ya kuchanganya zege, na kila wanapotia changarawe nasikia mawe yakibingirika ndani ya chuma, mazito, bila haraka. Mtu mwingine angefunga dirisha. Mimi nimekaa na chai iliyopoa, kwa mawazo nimerudi Kasenga, kule Uvira, kwenye ua wetu, mahali ambapo sauti kama hiyo ilinitia maumivu ya tumbo kila asubuhi.

Baba alikuwa na mashini ya kusaga muhogo. Ilikaa kwenye kibanda cha mabati kando ya nyumba, ikinywa mazutu, yaani dizeli, na kutupaka unga sote, hata kuku. Wamama walifika na mabeseni yao jua likichomoza, wakapanga mstari, wakapeana habari kwa kupiga kelele ili kuishinda injini. Ndiyo maana hadi leo watu wananiambia nisikaripie, kumbe mimi naongea tu.

Ubavuni mwa mashini ile Baba alikuwa amefunga kitu chake mwenyewe. Lilikuwa kopo kubwa la rangi, ndani limevikwa mpira wa tairi, limelazwa juu ya vyuma viwili vinavyozunguka. Mkanda uliotoka kwenye injini ulipita kwanza kwenye rimu ya baiskeli ili mwendo upungue. Kwa hiyo injini ilipokuwa inasaga muhogo wa watu, ilikuwa pia inazungusha kopo la Baba, na ndani ya kopo mlikuwa na mawe. Baba aliyaita agati, kama alivyofundishwa ujanani na fundi mmoja wa pete. Siku hizi najua kwamba Kiswahili chake ni akiki. Yalitoka kwenye makorongo ya upande wa Kamanyola, na yakiwa makavu ungedhani ni viazi vilivyosahauliwa juani. Ukiyalowesha ndipo mistari inajitokeza, mmoja wa asali, mwingine wa maziwa.

Mawe hayo yalikuwa ya Dada Furaha, na hapo ndipo maumivu yangu ya tumbo yalipoanzia. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado wa mgongoni, na mgongo ulionipokea ulikuwa wa Furaha. Yeye ndiye aliyeniogesha, akanisuka, akanifundisha kusali, akanichapa pia nilipostahili. Sasa alikuwa amechumbiwa na Safari, kijana mpole mwenye kazi bandarini Kalemie, mbali kabisa kusini, mahali pa kufikiwa kwa boti ya ziwani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika kwa ndugu zetu wa Rurambo na walikuwa wanakula majani ya huko. Kilichobaki ni shanga.

Katika ukoo wetu, asubuhi binti anapotoka kwenda kwa mume, mama yake humvisha shanga shingoni hapo mlangoni, na binti akishavishwa hageuki tena nyuma. Kwa kuwa mama hakuwepo, Baba alitangaza kwamba atazitengeneza mwenyewe, za mawe, na kwamba siku ya harusi itapangwa mawe yakishang'aa. Upande wa Safari walikubali, tena wakasifu. Walidhani ni jambo la siku chache.

Mimi nilikuwa nimeanza shule juzijuzi, lakini hesabu ile niliielewa. Kopo likizunguka, mawe yanalainika. Mawe yakilainika, Dada anaondoka. Kila Baba alipovuta kamba ya kuwasha injini nilihisi ananivuta mimi. Nilitamani mazutu yaishe mjini. Siku moja mkanda ulikatika, nikacheza kwa furaha hadi mama mmoja aliyekuwa kwenye mstari akauliza kama nimepandwa na pepo. Mchana Baba alikuwa ameushona. Nilimchukia, nasema kweli. Nilimwona mtu anayemfukuza mwanawe kwa kutumia mashini.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa hatua. Baba aliokota vipande vya mawe ya kunolea vilivyotupwa na wachomeleaji, akavitwanga, akachekecha unga wake kwa vitambaa. Unga wa kukwaruza uliingia kwanza, kisha wa kati, kisha laini. Mwishoni ulikuja unga wa rangi ya waridi wa mafundi vioo, wa kung'arishia, ambao Baba aliutunza kama dawa. Kati ya hatua na hatua, kila jiwe lilioshwa, maana chembe moja ya unga mkali ikibaki, itachora mistari kwenye mawe yote. Na mawe yetu mengi yalikuwa na vishimo, vingine vyembamba kama tundu la sindano. Humo ndimo unga mkali ulijificha. Aliyevisugua vishimo hivyo kwa mswaki wa zamani, akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na pipa la maji, alikuwa Furaha.

Kisha Baba aliinua jiwe moja kuelekea mwanga, akaligeuza. "Unga mubaya umebakia mule ndani," alisema. "Turudilie." Na mawe yote yakarudi kwenye unga wa kukwaruza, mwanzo kabisa.

Ilikuwa hivyo mara nyingi. Kila yaliporudi nilimshukuru Mungu kimyakimya, na kila kopo lilipoanza kuzunguka tena nikaanza tena kuumwa. Mjomba wake Safari alikuja, akanywa chai, akaondoka. Mvua zikaja. Mjomba akarudi.

"Mukwe, ile mawe iko wapi?"

"Iko ku mashini."

"Itaisha lini?"

"Bado kidogo. Iko na mashimo."

Mjomba alichungulia kwenye kopo kwa muda mrefu. "Mukwe, Mungu aliumba milima hii yote ya Uvira, na alifika siku akapumzika. Weye unapumzika lini?"

Baba alicheka kwa adabu, akamwongezea sukari.

Aliyemaliza mambo alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mwanamke ambaye hata injini ilionekana kunyamaza akiongea. Alikuja siku ya Jumapili, mashini imelala, akamwaga mawe kwenye beseni mbele yetu sote. Akaanza kuyatenga kwa vidole viwili, kama anavyochambua maharage. Yenye mashimo aliyatupa chini uani. Yasiyo na mashimo aliyabakiza, na yalikuwa ya kutosha kuzunguka shingo.

"Hii unatupa," alisema. "Hii unamalizia. Shida iko wapi?"

Baba alitazama beseni, kisha akatazama mikono yake. Furaha alishika mswaki wake na kuinamisha kichwa. Mimi nilisubiri mmoja wao aseme neno, kwa sababu mimi sikuwa na neno ambalo mtu mzima angelisikiliza. Shangazi akanawa mikono.

Mawe yale yaliyobaki yaling'aa haraka mno. Baba akayafunga kwa waya wa shaba, na asubuhi ya kuondoka akamvisha Furaha mlangoni. Kifungo kilimshinda, Shangazi akakifunga. Dada alikwenda hadi kwenye gari la kumpeleka kwenye boti, bandarini Kalundu, na kama desturi inavyotaka, hakugeuka. Nilimwita. Nilimwita tena. Kesho yake Baba aliwasha mashini kama kawaida, na muhogo ukasagwa.

Niliishi na hasira yangu miaka mingi, nikaivumilia kama mtu anavyovumilia jino. Mwaka ule tulipomzika Baba, Furaha alipanda kutoka Kalemie na watoto wake, na jioni moja tukiwa tunaosha vyombo nikamwambia nilivyokuwa namchukia mzee na kopo lake. Aliacha sahani ndani ya maji.

"Weye haukujua?" aliniuliza. "Ile mashimo, minye nilikuwa napitisha muswaki juu juu tu. Unga nilikuwa nauacha."

"Na Baba?"

"Baba alikuwa anajua. Siku moja alinikuta. Akasimama, akaangalia, akarudi ku mashini. Hakuniuliza kitu."

Nikamuuliza kama hakumtaka Safari. Akasema alimtaka tangu siku ya kwanza, na hata sasa. "Lakini weye ulikuwa haujajua hata kujisuka."

Sasa nimekuwa mtu mzima na ninaelewa kwamba fundi wa miaka mingi hahitaji dada yake kumwonyesha jiwe la kutupa. Baba alikuwa ametoa neno lake, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupokewa, na mwanaume wa kwetu haendi kuwaambia wakwe kwamba bado anamhitaji binti yake nyumbani kwa muda kidogo. Furaha naye hakuweza kumwambia mchumba asubiri kwa ajili ya nywele za mtoto. Tulikuwa watatu katika ua ule, tukiomba kitu kimoja, na kwa sababu ya kelele za ile injini kila mmoja aliomba peke yake.