Suruali Isiyoanguka

Watoto wangu wawili wamerithi miili ya upande wa baba yao. Wa kwanza, mvulana, ana miaka sita. Mdogo wake, msichana, ana minne. Miguu mirefu, kiuno hakuna. Mimi ni Mwiraqw wa vilima vya hapa juu ya Karatu, na kwetu mtu huzaliwa na mahali pa kufungia kitu. Baba yao kwao ni Ngorongoro, kwa wafugaji, na huko nimeona wanaume wazima ambao mkanda ungewazunguka mara mbili na bado ukabaki. Niliolewa nikiyajua hayo. Sikujua tu kwamba ningekuja kuyabeba sokoni.

Asubuhi za Juni ukungu hushuka hadi mlangoni, na shule ya mwanangu, kwa huruma, iliruhusu wavulana wa darasa la awali wavae suruali ndefu badala ya kaptula. Huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza nguvu.

Nilianzia mnadani, kwenye mitumba. Unainama juu ya turubai tangu saa tatu, unafukua, unanyoosha, unakadiria kwa mkono. Nguo zile zinatoka nchi ambazo mtoto wa miaka sita ana nyama. Kiuno kikikubali, miguu inaishia kwenye miundi. Urefu ukikubali, kiuno kinawatosha watoto wawili na kisado cha maharage. Muuzaji alinitazama nikiirudisha suruali ya kumi akaguna.

"Chukua tu mama, atakulia humo."

Nikachukua, maana ndivyo tulivyolelewa. Huku hakuna mzazi mwenye akili anayenunua nguo inayomtosha mtoto leo. Unanunua ya mwaka kesho kutwa, unakunja pindo, unasubiri mtoto aifikie. Mama yangu alituvalisha hivyo sote na hakuna aliyekufa. Lakini mwanangu anakua kama mhindi uliopandwa kivulini, unapanda juu tu. Suruali ile ikawa fupi kabla kiuno hakijaijaza, na nikaanza upya.

Nilijaribu mkanda. Kitambaa kilijikunja kiunoni kama mdomo wa gunia, nikasema si neno, mradi haianguki. Siku ya pili akarudi ameloa. Alikuwa amefika chooni mapema, ila vidole vyake havikuweza kukifungua kile chuma cha mkanda kwa wakati. Nikauondoa mkanda, nikanunua suruali ya lastiki. Hiyo wenzake waliipenda kuliko yeye, kwa sababu ilishuka kwa mvuto mmoja. Waliivuta wakiwa mstarini asubuhi, shule nzima imesimama.

Tangu siku hiyo mwanangu alitembea ameshika kiuno. Mkono wa kushoto ulikaa pale hata nyumbani, hata akiwa amevaa bukta inayomkaa vizuri. Mwalimu wake aliniambia, kwa upole wa walimu ambao huuma kuliko ukali, kwamba mtoto hachezi mpira tena, anasimama ukutani mpaka kengele ilie. Kisha akauliza kama nyumbani tunakula vizuri. Nilijibu tunakula. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua nikasirikie nini. Nilitaka kitu kimoja tu, mwanangu apate mikono yake yote miwili.

Kazi yangu ni dobi kwenye loji moja, barabara ya kwenda geti la hifadhi ya Ngorongoro. Wageni wakitoka kreta nguo zao huja kwangu na vumbi lote. Mchana mmoja nilifua suruali ya mtoto wa mgeni, ndogo, ya kijani. Ndani ya kiuno ilikuwa na lastiki bapa yenye matundu, na kifungo kidogo pembeni. Unavuta lastiki hadi tundu unalotaka, unafunga, basi. Mtoto akinenepa unaachia. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu kuliko inavyopaswa, msimamizi akaniuliza kama ina doa. Nikamwambia haina.

Nilimweleza fundi lastiki ile. Huyu fundi ana cherehani barazani mwa duka la pembejeo, na ndiye anayeshona sare za nusu ya mji. Akacheka.

"Hiyo ni ya kiwandani, mama. Mimi nitakushonea ya kawaida, imkae sawasawa. Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Haya. Njoo Alhamisi."

Alhamisi nikapewa suruali iliyomtosha mtoto wa miaka sita, mtoto wa mtu mwingine. Kumbe miaka yote hiyo fundi hukata kwa umri. Tepu ya kupimia iliyomning'inia shingoni ni ya watu wazima na wanaharusi. Nilipolalamika hakuudhika. Alisema hakuna mteja wake aliyewahi kurudi kulalamika, maana wazazi wote hutaka ikae kubwa. Kama nataka imkae barabara, nimlete mtoto. Nami natoka kazini fundi akiwa ameshafunga. Tukakubaliana nimpelekee kipimo cha uzi.

Jumapili alasiri, saa kadhaa baada ya ibada na chakula, nilimwambia mwanangu asimame nimpime. Akakataa. Alishachoka kushikwashikwa kiuno. Nikamwacha, akalala kwenye mkeka, na hapo hapo nikachukua uzi wa kufumia nikaupitisha chini ya mgongo wake taratibu. Nikafunga fundo. Nikanyoosha mwingine kuanzia nyonga hadi kisigino.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Ngorongoro. Watoto humwita koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi. Alitokea mlangoni na kikombe cha chai, akasimama.

"Unampima nini?"

"Suruali, mama."

"Amelala?"

Nikaukunja uzi kiganjani.

"Aliyelala hapimwi. Anayepimwa amelala ni aliyekwisha kufa." Aliweka kikombe chini, akamwamsha mjukuu wake kwa kumvuta sikio kidogo, kama mtu anayehakikisha. Kisha akanitazama, na nafikiri aliona nilivyokuwa, maana sauti ilishuka. "Mnajitesa na suruali. Shuka haikuulizi una kiuno gani."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa karibu na kilio. Nikamwaga yote. Nilimwambia nimechoka, nimechoka na mnada, na fundi, na viuno hivi vya kwenu, na kwamba nikipata moja inayokaa sitatafuta tena mpaka aote ndevu. Akasema baba wa mtoto naye alikuwa fimbo hivyo hivyo, akamaliza chai yake. Jumatatu asubuhi, nikienda kazini, nikampelekea fundi nyuzi zangu.

Ilikaa. Naandika neno hili kwa furaha mpaka leo. Jumatano asubuhi, kabla ya uji, mwanangu aliivaa, nikafunga kifungo, nikarudi nyuma nikatazama. Hapakuwa na mkunjo wala mwanya. Nilimwambia aruke, akaruka. Nikamwambia akimbie hadi kwenye mti wa parachichi, akakimbia mikono yote miwili ikipiga hewa, na mdogo wake akamfuata akipiga kelele. Kazini siku hiyo nilifua mashuka ya vyumba vyote na sikusikia mgongo.

Wiki ya pili uji ulianza kubaki kikombeni. Mimi nimezoea, hawa watoto hula kama ndege, nikadhani ni mafua. Kisha makande yakabaki, na makande anayapenda. Mwalimu aliniambia sasa anacheza, tena ni golikipa, ila saa nne wenzake wakinywa uji yeye anatoka nje. Nilimpeleka zahanati wakampima damu, hawakuona kitu. Bibi yake alimchemshia maziwa, akanywa mafunda mawili, akashukuru vizuri sana. Usoni macho yalikuwa yamekuwa makubwa. Nikaanza kuyakumbuka maneno ya mlangoni siku ile ya uzi, na mimi ni mtu wa kanisani.

Aliyesema ni mdogo wake. Tulikuwa tunakula mchana wa Jumamosi, naye akaongea huku akitafuna, bila nia mbaya yoyote.

"Kaka nyama yake anampa mbwa. Akishiba suruali inamkataa."

Mwanangu akainamia sahani. Nikamwambia asimame. Alikuwa ameivaa hata siku hiyo isiyo ya shule. Nilipenyeza kidole kati ya kifungo na tumbo, pakawa na nafasi ya kidole kimoja, na pembeni ya kitovu palikuwa na alama nyekundu ya kifungo, ya zamani, iliyokuwa imeanza kupona. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilimpima amelala chali, tumbo limezama, chakula kimeshatulia. Nilipata kiuno cha mtoto aliyelala. Asubuhi kabla ya uji kilikuwa sahihi. Baada ya bakuli la makande mtoto yeyote huwa na tumbo, hata mtoto wangu.

"Kwa nini hukuniambia inakubana?"

Bibi yake aliacha kutafuna.

"Ulimwambia koko umechoka," alisema. "Ulisema ukipata moja hutatafuta tena."

Nilitaka kusema yale ni maneno ya wakubwa tu, lakini hayakuwa maneno tu, nilikuwa nimeyasema kwa moyo wote. Nilipiga magoti mbele yake. Kifungo kilikuwa kigumu, nikakifungua. Suruali haikuanguka. Ilibaki juu ya mifupa ya nyonga zake ikiwa wazi, na tumbo lake likapumua nje. Mama mkwe alivuta sahani ya mjukuu wake, akaongeza ugali na maziwa ya mgando hadi ukingoni, akaisogeza.

"Kula," nilimwambia, na nikakaa pale chini mpaka akamaliza.