Deki ya Kumwonea Mama

Televisheni niliinunua kwanza, na kosa hilo la mpangilio lilininyima raha msimu mzima wa baridi. Ilikuwa bapa, nyeusi, ya HD, pana kuliko dirisha la chumba changu pale Walthamstow, London. Niliiweka juu ya kabati nililolilaza ubavu, nikaiwasha, nikatazama utabiri wa hali ya hewa, nikaizima. Sikuwa na deki. Bila ya deki nisingeweza kufanya jambo lililonifanya niinunue televisheni yenyewe, nalo lilikuwa kumwona mama yangu.

Diski zilikuwa mbili. Zilikuja kwa mkono wa mtu, zimefungwa ndani ya kanga pamoja na pakiti ya ubuyu, na zote zilikuwa za harusi ya dada yangu kule Unguja. Juu ya moja paliandikwa kwa kalamu ya wino mzito «Nikaha», na juu ya nyengine «Ukumbini». Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku ile alicheza mpaka viatu vikamtoka. «Utaniona mwenyewe,» alisema. «Nimekuletea usije ukasema tumekusahau.»

Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka minane, nimeshikwa mkono na baba, katika ile miaka ya tisini ambayo watu wengi wa kwetu walikuwa wakiondoka. Tuliambiwa mama na dada watafuata. Hawakufuata. Baadaye baba alihamia mji mwengine akaanza familia nyengine, nami nikabaki London, mwanzo nyumbani kwa watu, kisha peke yangu. Hati yangu ya safari ilikuwa ya mkimbizi, iliniruhusu kwenda nchi yoyote isipokuwa ile niliyoitaka. Kwa hiyo mama alikuwa sauti ya simu na picha za studio, ambazo ndani yake amesimama wima kama mtu anayepimwa nguo. Sikuwa nimemwona akitembea tangu nikiwa na meno ya utoto.

Mtu mwengine angezitia diski zile kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Kompyuta nilikuwa nayo, ndogo, kioo chake kina alama ya kidole isiyofutika, na spika zake zikitoa sauti kama ya nyuki ndani ya kopo. Nilikataa. Nilijiambia kwamba mara ya kwanza ya kumwona mama ni moja tu, na ukiiharibu hairudi. Nitasema ukweli: nilikuwa naogopa pia. Lakini woga wangu tangu zamani una tabia ya kujivika nguo za umakini, na mimi huupisha kwa heshima.

Basi nikaanza kusoma. Sikusomea umeme wala mitambo. Nilikuwa karani wa stoo katika duka moja la nguo kule Stratford, na kila nilichokijua nilijifunza mwenyewe, kwa majarida ya maktaba na kurasa za mtandaoni ambako wanaume wasiojuana hutukanana kwa sababu ya waya. Wakati ule diski mpya za picha safi zilikuwa za aina mbili, kila aina na kambi yake ya watengenezaji, na deki ya kambi moja haikuisoma diski ya kambi ya pili. Kila mtu alisema kambi moja itakufa. Hakuna aliyekuwa na hakika ni ipi. Nilijiona nikinunua deki ya upande ulioshindwa, na ingawa diski za mama zilikuwa za kawaida tu, ambazo deki za kambi zote mbili zingezisoma, wazo la kumwonea mama ndani ya mashine iliyoshindwa lilinikosesha usingizi.

Kisha nikagundua njia ya tatu: deki ya kawaida, lakini ile inayoichukua picha ndogo ya diski ya zamani na kuijaza mpaka itoshe kioo kikubwa. Hapo tena nikakwama. Ipi inajaza vizuri? Ipi haiwapi watu nyuso za nta? Nilisoma kuhusu rangi nyeusi ambazo si nyeusi kweli, kuhusu picha zinazokatika ngazi ngazi mtu akinyanyua mkono, na mama yangu alikuwa akicheza, atanyanyua mikono yote miwili.

Kulikuwa na duka dogo la vyombo vya umeme karibu na soko letu refu, na muuzaji wake alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mnene wa utani, ambaye Kiswahili chake na changu vilipishana mlangoni kila siku bila kugombana. Nikiingia alikuwa anaanza kucheka.

«Ndugu, umekuya tena? Ile mashini si mwanamuke wa kuoa. Unakuya, unaangalia, unarudi kwenu. Baba yake atachoka.»

«Nataka kujua tu kama inasoma diski zilizorekodiwa nyumbani.»

«Leta yako tutie hapa, tuone sote.»

«Hapana.»

«Hapana nini? Iko siri ya serikali?»

«Ni harusi ya dada yangu. Sitaki kuionea dukani.»

Alinitazama, akaacha kucheka kidogo. «Sawa,» akasema. «Harusi ya dada si ya dukani.» Halafu akacheka tena. «Lakini fanya haraka, dada atazaa, atazeeka, weye bado unachagua waya.»

Mama naye alikuwa akiuliza kila nikipiga simu. «Umeshaiona?»

«Bado, mama.»

«Unangoja nini?»

«Deki nzuri.»

«Huko Ulaya deki zimekwisha?» Alicheka, lakini baada ya kicheko palikuwa na kimya, na mimi, badala ya kukijibu kile kimya, nikamweleza habari za waya. Alinisikiliza mpaka mwisho. «Haya mwanangu,» akasema. «Wewe ndiye unayejua.»

Niliinunua mwishoni mwa baridi. Sikuwa nimepata hakika yoyote. Nilichoka tu. Muuzaji aliniwekea mikono kichwani kama padri anayebariki ndoa. Jumamosi nikasafisha chumba, nikafuta kioo kwa kitambaa cha miwani ya jua, nikazima taa, nikawasha tena kwa kuwa nilisoma kwamba giza tupu linaumiza macho, nikatia ile ya «Nikaha» kwanza ili nizoee.

Walikuwa wanaume. Msikiti, kanzu, wajomba niliowajua kwa ndevu zao, bwana harusi ametoka jasho juu ya mdomo. Picha ilikuwa laini, si mbaya. Wakati sheikh anamaliza dua, mwenye kamera alitoka nje, na kutoka nyumba ya pili vikasikika vigelegele, vingi, vya wanawake ambao kamera haikuwaendea. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Mmoja wao lazima alikuwa yeye.

Nilikuwa nimeishika ile ya «Ukumbini» kwa ukingo, kwa vidole viwili, simu ikalia. Alikuwa mama mdogo, binti wa mama mdogo wa mama yangu, anayekaa Stratford na ndiye ndugu pekee wa upande ule niliyekuwa naye mjini.

«Wewe mtoto, ndiwe uliyeletewa diski za harusi?»

«Ndiyo, mama mdogo. Shikamoo.»

«Marahaba. Sisi tunazitafuta tangu mwaka jana, kumbe zimelala kwako! Ile ya ukumbini usiifungue. Ni ya wanawake.»

Sikuelewa mara moja. Nilisimama na diski mkononi.

«Lakini ni harusi ya dada yangu.»

«Dada yako ni wako. Wale wengine? Watu wamevua mabuibui mle, wamevaa vya mabega wazi, wamejipamba wanacheza. Aliyepiga video ni mwanamke. Wewe mwanamume mzima utawatazama wake za watu?»

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, nalo lilikuwa la ajabu kiasi kwamba nilikaa kitandani. Nilizijua vizuri sherehe zile. Nilikuwa ndani yake. Nilikuwa nakaa chini, mgongo kwenye goti la mama, nakula visheti, nawaona wakivua viatu na kucheza, na hakuna aliyenifukuza, kwa kuwa nilikuwa mtoto. Wavulana wenzangu walikua, siku moja wakaambiwa nendeni nje, mmeshakuwa wakubwa. Mimi niliondoka kabla ya siku hiyo. Hakuna aliyewahi kunitoa. Katika kichwa changu nilikuwa bado nimekaa pale.

«Nataka kumwona mama tu,» nikasema.

«Tivii yako kubwa?»

«Kubwa.»

«Basi kesho tunakuja kwako. Yangu imekufa. Na wewe utafute pa kwenda.»

Walikuja watano, na mikoba ya vyakula, wakajaza chumba ambacho hakijawahi kuwa na zaidi ya mtu mmoja na nusu. Nilimfundisha mama mdogo rimoti. Nilimweleza kwamba umbali mzuri wa kukaa ni pale kwenye zulia, na kwamba asiongeze ukali wa rangi.

«Mwanangu,» akasema, «toka.»

Nikatoka. Soko lilikuwa limefungwa, mbao za vibanda zimeegemezwa ukutani, na upepo unasukuma maganda ya vitunguu barabarani. Nilitembea mpaka stesheni nikarudi. Nikatembea tena. Nilipofika chini ya dirisha langu nilisikia ngoma, halafu kicheko cha pamoja, halafu mtu anapiga kigelegele ndani ya chumba changu mwenyewe. Nilipanda nikakaa kwenye ngazi. Jirani wa juu alipita na mbwa wake, akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nikamwambia hapana.

Mlango ukafunguliwa. Mama mdogo alikuwa amevaa buibui lake na kujifunga mtandio. «Njoo upesi.»

Ndani wote walikuwa wamejifunika. Wawili walisimama huku na huku ya televisheni, wameshika kanga mbili, wamezitandaza juu ya kioo mpaka pakabaki mwanya kama wa mlango ulioachwa wazi kidogo.

«Simama hapo hapo,» mama mdogo akaniambia. «Tayari? Anakuja upande wa kulia. Nabonyeza.»

Na mama akaingia kwenye mwanya.

Alikuwa mfupi. Hilo sikulitarajia. Gauni la kijani, mikono juu, mabega yanakwenda kwa ngoma huku uso umetulia kabisa, kama mtu anayefikiria jambo jengine. Alikuwa amevaa miwani.

«Funika! Funika kulia, anapita mke wa sheha wa mtaa!»

«Nimefunika!»

«Hujafunika, mkono wake unaonekana!»

«Mkono si uchi, bibi wee!»

Kanga zilikwenda kushoto, zikarudi, mwanya ukimfuata mama na wakati mwengine ukimpoteza, nikabaki natazama maua ya kitambaa. Kisha akarudi, karibu zaidi, na picha yake ikavunjika vipande vipande vya mraba, uso mzima ukawa kama sakafu ya vigae. Deki ilijitahidi. Nilijua kabisa kwa nini, ningeweza kueleza: diski imebanwa mno, saa nyingi zimetiwa mahali padogo, kioo kikubwa hakisamehe. Nilisogea nyuma mpaka mlangoni, na pale akawa mtu tena. Akaiona kamera. Akacheka, akaisukuma kwa kiganja, kioo kikawa cheusi.

«Basi,» mama mdogo akasema, taratibu. «Baada ya hapo wamo wengi.»

Nikarudi kwenye ngazi.

Walipoondoka waliichukua diski, kwa sababu kuna wengine waliokuwa wakiingoja. Waliniachia sambusa na chumba chenye harufu ya watu. Nilipiga simu nyumbani kabla haijawa usiku wa kule.

«Wameniambia umeniona,» mama akasema, maana habari ilimfikia kabla yangu.

«Nimekuona.»

«Nilikuwaje?»

Miezi yote ile nilikuwa nimejiandaa kukiona kila kitu, na sasa nilikuwa na jambo moja tu mkononi.

«Unavaa miwani.»

«Siku nyingi. Kwani hukujua?»

«Hamkuniambia.»

«Nani atapiga simu Ulaya kusema nimevaa miwani?» Alicheka. Halafu akangoja, kama alivyokuwa akingoja kila mara, na safari hii sikumwambia habari za waya.

«Bila ya miwani unaona mpaka wapi?» nikamuuliza.

«Bila ya miwani?» Nilimsikia akiivua na kuiweka juu ya kitu kigumu. «Subiri nitazame.»

Nikakaa chini kwenye zulia, nikamsubiri.