Macho Mekundu, Mjukuu Mchanga

Mwaka 2017 binti yangu alijifungua siku ya Jumanne, na Jumatano mimi nikaamka kope zimegandana kwa tongo. Nikazifungua kwa maji ya vuguvugu. Kwenye kioo, macho yalikuwa mekundu kama nyanya.

Kwetu Bukavu, mama wa mzazi ndiye anayemkanda mwanawe kwa maji ya moto, na ndiye anayemwogesha mtoto. Maadamu yu hai, kazi hiyo haichukuliwi na mwingine. Lakini binti yangu aliolewa na Mzulu, wanakaa mtaa wa Observatory, katika jiji hili tulikohamia, na mama wa mume alikuwa ameshafika kutoka Durban na mabegi yake. Nikasema moyoni, huyu hatanitangulia. Nilikuwa na wivu, sifichi.

Jirani yangu wa mtaani kwangu Troyeville, muuza vitenge, alikuwa na dawa yake. "Mwambie binti akukamulie maziwa ya ziwa, utie jichoni. Kesho umepona." Nilikuwa nimeshakusudia kwenda kuyachukua. Ila macho yaliwasha mno, nikapitia kwanza kwa mama mmoja wa Kichina niliyezoea kumshonea makoti, mwenye duka la dawa za kwao upande wa mtaa wa Wachina.

"Toa ulimi," akasema. Akautazama, akashika mkono wangu, vidole vitatu juu ya mshipa, akausikiliza hadi nikachoka. Kisha akanieleza kwa Kiingereza chetu cha sokoni. Ugonjwa huu huja na upepo uliobeba joto na sumu, ndiyo maana huwapata watu wengi kwa mpigo. Macho ni mlango wa ini, na ini ndilo linalotunza hasira.

"Una hasira na nani?"

"Sina hasira na mtu."

"Ulimi wako una kingo nyekundu, hiyo ni hasira," akasema, akacheka.

Akanichoma sindano nchani mwa sikio, akaminya matone mawili matatu ya damu ili joto lipate njia. Eish, niliruka. Akanifungia maua makavu ya njano, majani ya mforosadi na mnanaa. Nichemshe, mvuke upite kwanza kwenye macho niliyoyafumba, halafu ninywe. Nisitie hata tone jichoni. Pilipili hapana, nyama ya mbuzi hapana, taulo yangu peke yangu. Nikiona ukungu au maumivu makali, niende hospitali, nisirudi kwake.

Nikamwuliza habari ya yale maziwa. Akaacha kufunga karatasi.

"Mtoto ana siku ngapi?"

"Moja."

"Usimsogelee. Chai yangu inatoa joto lako, haitoi ugonjwa mikononi mwako. Hata macho yakiwa meupe, ngoja wiki mbili. Jicho la mtoto mchanga si la kuchezea."

Niliondoka nimenuna. Mimi mtu aninyime mjukuu wangu!

Siku ya sita wekundu ulikuwa umekwisha. Kama ni yale maua au ni siku zenyewe, sijui. Mimi nayapa maua sifa yake. Nikavaa viatu. Nilijidanganya kwamba nitasimama mlangoni tu. Lakini mimi najijua, nikimwona mtoto sisimami mlangoni. Nikavua viatu, nikapiga simu, nikaomba nizungumze na yule gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi, nyanya mwenzangu.

Nikamfundisha kumwogesha mtoto kama kwetu: maji uyapime kwa kiwiko, shingo uikalishe kwenye kiganja, miguu uinyooshe kwa mafuta. Maneno nilichanganya, nusu Kiingereza nusu Kizulu cha kwenye teksi. Yule mama alikuwa na wajukuu sita. Alinisikiliza hatua kwa hatua, akauliza maswali, kama mtu asiyewahi kushika mtoto maishani mwake. Nilipokata simu niliona aibu kwa yote niliyomsema moyoni.

Wiki mbili zilipotimia nilikwenda. Nikanawa hadi viwiko, gogo akanipa mtoto mikononi. Mtoto akanusa, akaona si yule anayemjua, akaangua kilio na kumgeukia mwenzangu. Iliniuma sana, nisiseme uongo. Gogo akanyoosha mikono ampokee, nikatikisa kichwa. Mtoto alinikodolea macho, meupe pee, hayana hata mshipa mmoja mwekundu.

"Lia, baba," nikamwambia. "Lia tu."